Pancha Morogoro mpaka Dodoma: nini kikae kwenye kibegi chako

Wadau wengi wanaotaka kuanza safari ndefu za baiskeli huwa wananiuliza wanunue seti gani ya pancha, na mimi kabla sijajibu nauliza kwanza unapita njia gani na valvu yako, yaani kile kichuchu cha kujazia upepo, ni ya aina gani. Maana mtu anayezunguka Masaki jioni, pancha ikimkuta anaita bajaji mambo yameisha, ila ukiwa katikati ya Dumila na Gairo jua la saa saba halafu gurudumu limekaa chini, hapo unategemea ulichobeba tu.

Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ni kama kilomita 260 na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita humo usiku na mchana. Tairi zao zikipasuka zinaacha vile viwaya vyembamba vya chuma pembeni mwa lami, yaani pale pale unapopita wewe na baiskeli. Halafu ukianza kuingia ukanda mkavu unakutana na miba ya migunga na mbigili, na mbigili ndio mbaya zaidi kwa sababu vile vimbegu vyake vikidondoka kuna mwiba unaangalia juu tu. Kwahiyo ukishuka barabarani kupumzika usiisukume baiskeli kwenye majani, ibebe.

Sasa valvu. Zile Phoenix na baiskeli nyingi za kazi zinatumia valvu ya zamani ya Dunlop, mauntenibaiki nyingi zina Schrader ambayo ni ile ile ya gari na pikipiki, na baiskeli za resi zina Presta, ile nyembamba. Hii inaamua karibu kila kitu. Ukiwa na Schrader unaweza kuingia sheli yoyote au kwa fundi wa bodaboda ukajaza upepo. Ukiwa na Presta beba adapta, ni kitu kidogo cha shaba unakifunga juu ya valvu, bei yake ni ndogo na uzito wake hausikiki, kwakweli sioni sababu ya mtu kukiacha nyumbani. Na jua kwamba fundi wa njiani ana tyubu za Phoenix na za inchi 26, za resi hana, na hata akikupa ya Dunlop haipiti kwenye tundu la rimu yako kwa sababu tundu la Presta ni dogo. Ndio maana nasisitiza tyubu mbili mpya zako mwenyewe, saizi ya tairi yako na urefu wa valvu unaozidi rimu, uzifunge kwenye soksi zisichubuliwe na spana humo ndani.

Njiani badilisha tyubu kwanza, viraka utabandika ukifika kivulini. Na viraka chukua vile vya kupaka solusheni, ile gundi ya tyubu, sio vya kujibandika kama stika. Vya stika vinasaidia ukiwa na haraka lakini kwa joto letu na upepo mwingi vinaanza kuachia pembeni. Sugua na msasa mpaka ule mng'ao uishe, paka solusheni eneo kubwa kuliko kiraka, halafu SUBIRI, dakika tano hivi, mpaka ukigusa pembeni hainati mbichi. Watu wengi wanabandika bado majimaji halafu wanasema viraka feki, wakati gundi haikupewa muda.

Pampu au vile vichupa vya gesi? Mimi nasema pampu, na sina wasiwasi kabisa hapo. Kichupa cha gramu 16 kinajaza mara moja kimeisha, ile gesi ya kaboni dayoksaidi inapenya kwenye mpira haraka kuliko hewa ya kawaida kwahiyo kesho yake tairi imelegea, na Kibaigwa utakinunua wapi? Chukua pampu yenye kimpira kirefu, maana zile fupi za kuchomeka moja kwa moja zinatingisha valvu mpaka inachanika shingoni.

Kutolea tairi beba vile vijiti vya plastiki, vitatu, bisibisi waachie mafundi wa umeme, inatoboa tyubu wakati unarudishia. Gurudumu lako likiwa la nati, beba spana yake, nyuma nyingi ni namba 15 ila pima kabla hujatoka. Alenki, zile funguo za pembe sita, namba 4, 5 na 6 zinamaliza karibu vyote vingine. Kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha cheni, kiwe cha spidi zako, yaani idadi ya gia za nyuma, ukiwa na spidi 9 kiungo cha 11 hakikai.

Kitu ambacho watu hawabebi na kinahitajika kweli ni kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, ukubwa wa vidole viwili. Tairi ikichanika unakiweka ndani kati ya tairi na tyubu, unafika mjini. Na kipamba kidogo, huu mchezo wa pamba naupenda sana, kabla hujaweka tyubu mpya pitisha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima, kile kiwaya kisichoonekana kitanasa nyuzi, ukipitisha kidole kitakuchoma. Usipokitoa tyubu ya pili inatoboka kabla hujafika hata kona. Ukiona tundu moja ni mwiba au waya, ukiona mawili yanatazamana basi tyubu imebanwa na rimu, upepo ulikuwa mdogo.

Solusheni ikishafunguliwa inakauka humo humo hata ukifunga kifuniko vizuri, kwahiyo usiku kabla ya safari ibonyeze, ikiwa ngumu nunua nyingine Morogoro mjini asubuhi kabla hujaanza kukanyaga.