Klipu kichwani: nilivyopata picha ya CT inayosomeka

"Hii haisomeki, rudia." Dokta alipiga simu ya ndani kabla mgonjwa hajashuka mezani. Sikuwa na la kujibu, maana na mimi nilikuwa naikodolea macho picha ileile. Upande wa kulia wa ubongo palikuwa na nyota nyeupe, na kutoka kwenye nyota ile michirizi ilitawanyika mpaka kwenye fuvu, mweupe kwa mweusi, mweupe kwa mweusi.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Zamani alipelekwa India, akafunguliwa kichwa, mshipa uliovimba kama puto ukabanwa kwa klipu. Usiku uliopita kichwa kilimuuma ghafla na presha ikapanda. Daktari wa zamu alitaka kujua jambo moja: kuna damu mpya ubongoni au hakuna? Karatasi za upasuaji zilipotea walipohama nyumba, na klipu nyingine za zamani zimetengenezwa kwa chuma kinachovutwa na sumaku, kwa hiyo MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kubwa, hatukuthubutu. Ikabaki CT yetu ya slaisi 16, yaani inayokata vipande 16 kwa mzunguko mmoja, isiyo na programu yoyote ya kupunguza atifakti za chuma, alama za uongo kama ile michirizi.

Ubaya wa ile michirizi ni kwamba inadanganya. Mweupe ukipita kwenye mkunjo wa ubongo unafanana na damu mbichi. Mweusi unafanana na eneo lililokosa damu, yaani kiharusi. Mtu mwenye haraka anaweza kuandika ripoti ya ugonjwa usiokuwepo, au akauacha uliopo kwa kusema "ni klipu tu hiyo."

Kwa asiyefanya kazi hii: CT haipigi picha kama kamera. Inarusha miale kutoka kila pembe, ditekta upande wa pili zinapima kilichopenya, halafu kompyuta inakokotoa kila nukta ina uzito gani. Maji ni 0, hewa ni -1000, na kwenye mashine nyingi kipimo kinaishia 3071. Chuma kinavuka hapo. Miale dhaifu inamezwa yote, inapenya ile yenye nguvu tu, na baadhi ya ditekta haziambulii karibu kitu. Kompyuta inakokotoa hivyohivyo na hesabu zilizopotoka, na upotofu huo ndio unaochorwa kama michirizi.

Kabla ya kumrudisha ndani nilimwomba avue ushungi. Niliona haya kidogo, nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Pini tatu! Mbili chini ya kidevu, moja kisogoni. "Shikamoo mama, samahani, na hereni pia." Akacheka, akasema angejua angekuja na kanga. Zile pini hazikuwa chanzo cha ile nyota, lakini michirizi ya nyuma ya kichwa ilikuwa ya pini, wala haikuhusu klipu.

Wakati anavua, nilirudi kwenye data ghafi. Hapo sikuhitaji kumpiga mionzi zaidi. Nilitengeneza picha upya kwa keneli laini, kichujio cha kompyuta kinacholainisha picha, kwa sababu ile ya mifupa inanoa kila ukingo na michirizi nayo inanolewa. Nikaunganisha vipande vyembamba kuwa vya milimita 5. Nikapanua dirisha pia, yaani kiwango cha namba kinachoonyeshwa kati ya mweusi na mweupe: ukiangalia chuma kwa dirisha la ubongo, upana 80, utaona bonge jeupe tu, lakini ukifika 3000 klipu inaanza kuonekana umbo lake. Picha ilipungua ukali. Lakini mkunjo wa karibu na klipu, ambao Dokta alitaka kuona kama una damu, bado ulikuwa umefunikwa.

Wazo langu lililofuata ndilo la kila mtu: panda kilovolti kutoka 120 hadi 140, miale iwe na nguvu ya kupenya. Inasaidia, na niliitumia. Ila dozi inapanda kwa zaidi ya theluthi usipogusa miliampea, yaani wingi wa miale, na kwa picha za mishipa zenye dawa ya kontrasti ni hasara nyingine, kwa sababu iodini iliyomo kwenye dawa hiyo hung'aa zaidi kwenye kilovolti za chini. Wenzangu wengi huishia hapa, wakaongeza na miliampea, wakashangaa nyota bado iko palepale. Ukweli ni kwamba chuma chenyewe huwezi kukiondoa. Unachoweza kuchagua ni kitachafua wapi.

Michirizi husambaa ndani ya vipande vilevile vinavyoikata klipu. Vipande vya juu yake na chini yake vinabaki safi. Kwa hiyo nikiinamisha mkato, michirizi itainama nao. Nilifungua skauti ya pembeni, ile picha ya kwanza inayofanana na eksirei, nikaitafuta klipu, nikaona imelala kwa mshazari kuelekea paji la uso. Kwa pembe tuliyotumia awali, kila kipande kilichohitajika kilipita juu ya klipu. Nikachora mstari mpya kwenye skrini wa kuikata klipu kwa vipande vichache kadiri inavyowezekana, na mkunjo ule ubaki nje ya hivyo vipande. Ikatoka karibu nyuzi 20.

Mashine yetu haikubali kuinamisha gentri, ile pete kubwa inayomzunguka mgonjwa, ikiwa kwenye mzunguko wa ond, ambapo meza inasogea mfululizo, kwa hiyo nilihamia kwenye mtindo wa zamani wa kipande kimoja kimoja. Gentri iliinama kadiri ilivyoweza, na zilizobaki nikazipata kwa mto: niliukunja chini ya kisogo, kidevu kikashuka kuelekea kifua. "Mama, usimeze mate mpaka nikwambie." Nilipiga eneo hilo tu, sentimita chache, si kichwa kizima.

Nyota ilikuwepo, kubwa vilevile. Lakini michirizi sasa ilielekea kwenye paji na sikio, na mkunjo ulikuwa wazi, mweusi safi wa maji ya ubongo kama unavyotakiwa, hauna damu. Dokta alipiga tena simu, akasema, "Haya, sasa naona," akakata.

Isionekane kwamba mbinu hii haishindwi. Miezi michache baadaye alikuja kijana aliyejazwa koili, nyaya nyembamba zilizosokotwa, ndani ya mshipa uliovimba, si klipu. Koili ni platini, namba ya atomiki 78, wakati metali za klipu, titani ni 22 na kobalti 27, tena zimesokotwa bonge zima. Niliinamisha, nikapandisha, nikakunja mto. Nilipata ubongo wa mbali, vyumba vya maji na fuvu, lakini pembeni mwa koili hakuna kilichoonekana, na nilimwambia daktari hivyo badala ya kumpa picha ya kubahatisha. Ajabu ni kwamba platini, kama titani, haivutwi na sumaku, na kwa kawaida MRI ya mishipa humfaa mtu wa koili kuliko CT.

Baadaye nilikwenda kujifunza kwenye kituo chenye ile programu ya kupunguza atifakti. Kwa kifupi inatafuta data zilizopita kwenye chuma, inazitupa, inaziba pengo kwa makadirio. Ni nzuri kweli. Lakini niliona picha moja ambayo mshipa karibu na chuma ulionekana umekatika, na kwenye picha ya asili ulikuwa unaendelea. Tangu hapo hata nikipata mashine ya namna hiyo natuma seti zote mbili, iliyosafishwa na isiyosafishwa, na naziandika majina wazi wasomaji wasizichanganye. Na data ghafi siifuti mpaka ripoti itoke, hata diski ikijaa kiasi gani.

Yule mama alirudi baada ya miezi sita kwa ukaguzi. Nilimsogelea nikamwambia habari za ushungi kabla hajaketi.

"Pini nimeziacha nyumbani, mwanangu," akasema, akafungua mkoba na kutoa bahasha iliyochakaa. Mwanawe aliyeko India aliifuata hospitalini kule. Ndani mlikuwa na jina la klipu, namba ya modeli, na neno titani limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilimpeleka dirisha la miadi ya MRI nikiwa na bahasha mkononi.