Klachi imeungua mlima wa Amani, na shemeji amenuna

Jumamosi usiku. Duka nimelifunga mapema, hesabu nimeziacha mezani, kwa sababu wiki hii yote imeliwa na kirikuu, kipikapu chetu cha kubebea mizigo ya duka, na nataka niiandike kabla haijachanganyika kichwani.

Jumatatu mpwa wangu, ambaye ndiye dereva wetu, alipeleka saruji Amani, kule milimani Muheza. Mchana simu ikaita.

"Shikamoo shangazi. Gari inalia tu, haiendi."

"Marahaba. Inalia vipi?"

"Nikikanyaga mafuta injini inapanda, gari haipandi. Halafu kuna harufu, kama breki za lori zikiungua."

Harufu hiyo mtu akishaisikia mara moja haisahau. Klachi pleti imebanwa katikati ya flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozungushwa na injini, na presha pleti, ambayo kazi yake ni kuibana. Ukiachia pedeli inabanwa na nguvu inapita kwenda kwenye giaboksi, ukikanyaga inaachiwa. Ikishalika inateleza hata ikibanwa, na kila ikiteleza inapata joto, na joto hilo linazidi kuimaliza. Ndiyo maana injini inapiga makelele na gari halisogei. Kwenye tambarare ya Pongwe klachi iliyochoka inaweza kukudanganya mwezi mzima. Zile kona za kupanda Amani hazidanganyiki.

Kijana aligeuza, akashuka hadi Kisiwani, akaacha mzigo kwa mteja wetu wa pale na kurudi mjini mdogo mdogo, gari likiwa tupu. Kabla hajafika Muheza, ukoo mzima ulishapata habari.

Hapa ndipo wiki ilipoharibika. Mdogo wa mume wangu ana gereji. Mkono wake ni mzuri, simsingizii. Tatizo langu naye ni lingine. Ukimwuliza bei anakwambia, "Tutaongea, shemeji," na mazungumzo yenyewe yanakuja kazi ikishaisha, mbele ya wageni, huku umeshika sinia la chai. Spea anatafuta yeye, risiti hakuna, na ile kuukuu iliyotolewa huioni tena. Kazi ikirudi na kasoro utamwendea kwa uso gani, na Idd mnakula sahani moja? Kila mtu hapa Tanga atakushauri umpelekee gari mtu wenu. Mimi nataka fundi ninayeweza kugombana naye Jumatano, na Alhamisi tukasalimiana kama kawaida.

Kwa hiyo nilimwambia mume wangu kwamba mara hii gari linakwenda kwa watu baki. Akanyamaza. Ananijua.

Gereji ya kwanza ina ukuta na geti, na bango lililochorwa vizuri. Aliyetupokea aliinama dirishani, akamwambia kijana awashe, akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, hiyo giaboksi imekufa. Tukutafutie ya mtumba." Nikamwuliza amejuaje. Akaniambia kazi hii ameifanya miaka mingi. Nilimshukuru, tukaondoka. Fundi anayetaja spea kabla hajagusa pedeli, hiyo miaka mingi yake inanisaidia nini?

Ya pili iko Ngamiani, gereji bubu hasa: bati kukuu, mwembe, na matofali ya kuwekea gari. Fundi ni mzee wa makamo asiyependa maneno. Alichofanya nakiandika chote, maana ndicho kilichonifanya nimwachie ufunguo.

Kwanza alibonyeza pedeli kwa mkono, polepole, akipima plei yake, ule ulegevu kabla haijaanza kukaza. Kirikuu yetu inatumia waya wa klachi, si mafuta kama Hiace, na waya ukikazwa kupita kiasi presha pleti haibani sawasawa, klachi inateleza hata kama ni nzima. Akaingia chini, akalegeza nati ya waya mpaka plei ikarudi. Kisha akalisogeza gari mahali tambarare, akafukuza watoto waliokuwa mbele, akavuta hendibreki hadi mwisho, akaweka gia ya tatu, akakanyaga mafuta kidogo na kuachia pedeli taratibu. Klachi nzima hapo ingezima injini. Yetu iliendelea kunguruma kana kwamba haijaambiwa kitu. Akazima haraka. "Hatulirudii hilo, tutamalizia kuichoma," akasema. "Ingekuwa waya tu, ungenipa ya soda. Sasa inabidi tushushe giaboksi."

Ndipo akamgeukia mpwa wangu. "Mnapakia mifuko mingapi?"

Mpwa wangu akaanza kuuchunguza mwembe.

Kirikuu Wajapani waliipa kilo 350 za mzigo. Hiyo ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50, basi. Nioneshe kirikuu moja Tanga inayobeba mifuko saba nami nitakuonesha mwenye duka anayefunga kwa hasara.

Tulikubaliana pesa ya ufundi kabla hajashika spana: kushusha, kufunga, na kurudia bure kama itateleza tena kwa sababu ya kazi yake. Niliandika kwenye daftari la duka, akasaini bila kununa. Spea nikasema nanunua mwenyewe. Hilo nalo halikumuudhi, ila alinipa sharti: nisiende dukani mikono mitupu, nisubiri atoe ile kuukuu nikailinganishe.

Jumatano jioni aliniita. Pleti alinipa mkononi, bado ya moto wa jua na nyeusi tii. Upande mmoja ulikuwa umelika hadi vichwa vya riveti vinang'aa, upande wa pili nyufa nyembamba zilikuwa zimezunguka kote. Kwenye flaiwili palikuwa na madoa ya rangi ya buluu, alama ya chuma kilichopata joto. Akapitisha ukucha juu yake, akaniambia nami nipitishe. Hakukuwa na mfereji wa kunasa ukucha, kwa hiyo hakuna haja ya kuipeleka kuchongwa. Halafu akanionesha unyevu wa oili chini ya sili ya krenki, ile pete ya kuzuia oili isivuje, nyuma ya injini. Pleti ilikuwa haijaloa, lakini sili ikivuja kidogo zaidi pleti mpya ingeloa, na ingeteleza hata ikiwa haijalika. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Kinachouma ni kushusha giaboksi mara ya pili. Kwa hesabu hiyohiyo akaniambia pleti, presha pleti na beringi ya klachi ninunue zote tatu pamoja, hata kama beringi bado hailii.

Dukani nililaza pleti kuukuu juu ya mpya. Upana ulilingana. Meno ya katikati, yale yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi, hayakulingana. Muuzaji alikuwa ameshaanza kufunga mfuko! Akaleta nyingine, hiyo ikakaa. Boksi zilikuwa mbili zenye jina lilelile na bei mbili, na kwenye lile la bei rahisi herufi zilikuwa na ukungu kama zimechapwa kwa haraka. Nikachukua la bei kubwa, nikadai risiti ya mashine. Kwa kuwa ukutani kwake kuna tangazo lile tunalolijua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, nilimwomba aandike nyuma ya risiti kwamba isipoingia atabadilisha. Alicheka, akaandika.

Alhamisi nilikaa pale gereji kwa kiti cha plastiki na chupa ya chai. Alifuta flaiwili kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kuweka pleti katikati sawasawa alitumia kipande cha shafti kilichotoka kwenye giaboksi mbovu ya zamani, akakipitisha kwenye meno, akakaza bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa kukingamisha, huku na kule, si moja hadi mwisho. Grisi alipaka kwenye meno kwa ncha ya kidole, akafuta iliyozidi. Kijana wake aliposhika pleti kwa vidole vyenye mafuta, alimfokea kwa Kibondei, maneno ambayo hapa siyaandiki.

Ijumaa baada ya swala walikwenda kuijaribu, yeye na mpwa wangu. Waliporudi fundi alinivuta pembeni. Gari ni zima, ila kijana ana mguu wa kushoto unaolala juu ya pedeli hata gari likiwa mwendoni, na akisimama kwenye mlima anazuia gari kwa klachi badala ya hendibreki. "Huyu akiendelea hivi tutaonana tena, na mimi pesa naipenda," akasema. Wa magari ya mafuta ya klachi, kama mnasoma: mtoto wa kaka yake fundi aliongeza kwamba pedeli ikizama sakafuni na kubaki huko, tazameni kwanza kama mafuta yamepungua au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, inavuja, msikubali kushushiwa giaboksi siku hiyohiyo.

Spea kuukuu zote nimerudi nazo kwenye boksi. Pleti nimeitundika dukani karibu na mizani, mpwa wangu aione kila asubuhi. Amesema shangazi nina roho ngumu.

Shemeji amenuna. Salamu zake zinapitia kwa mume wangu, fupi, na kesho mchana tunakula kwao. Nimeamua kumpigia mwenyewe asubuhi, nimjulie hali na watoto, na akiuliza klachi kafunga nani nitamtajia, na bei nitamtajia pia. Akitaka kuongea bei kabla ya kazi, breki za nyuma zinahitaji mtu mwezi ujao.

Fundi amesema mlima mzito usubiri kidogo, pleti mpya ikae kwanza kwa mizigo ya mjini. Mzigo wa Kisiwani umalizie njia kwa pikapu ya kukodi. Baada ya hapo Amani ni mifuko saba kwa safari, na kwa mifuko saba ile nauli tuliyokuwa tunatoza haifiki hata kwenye mafuta. Wateja wa kule nitawapigia mimi kabla hawajasikia kwa dereva.