Vituo vitatu, mfumo mmoja wa alama za vidole, na fundi aliyetuambia "skanini tu"

Nimechoka kusikia kwamba vituo vidogo vya polisi vikitaka kushirikiana kwenye alama za vidole eti lazima vinunue mashine za kampuni moja. Si kweli bana. Sisi mashine zetu hazifanani hata kidogo na tunapeana kazi kila siku. Jirani walikuwa na AFIS, ule mfumo wa kompyuta wa kulinganisha alama, sisi tulikuwa na wino na makabati yamejaa kadi za vidole kumi.

Tukaandikiana makubaliano, nani anaruhusiwa kutafuta, rekodi gani inafutwa na lini, hela ya seva tukachangiana kadiri ya ukubwa wa kituo, haikuwa ya kutisha. Hapo hakukuwa na shida.

Shida ilikuja na fundi, mtu wa tai, akasema kadi za zamani skanini tu, mfumo utajipanga wenyewe. Tukaskani weee mpaka macho yanauma. Tukamjaribu mtu ambaye tunajua kabisa yumo: hayupo. Nikajaribu vidole vyangu, maana kadi yangu ya mazoezi ilikuwemo humo humo: sipo! Dada mmoja wa kituo cha jirani akacheka, "Hongera afande, kumbe wewe ni msafi." Fundi mara seva nzito, mara intaneti, mara kadi zenu zimechakaa, yaani kila kitu isipokuwa ushauri wake.

Nikachukua rula. Nikapima kisanduku cha dole gumba kwenye kadi, halafu nikapima kilekile kwenye skrini kwa ukubwa ambao mfumo unaamini ndio halisi. Havilingani! Skana ilikuwa imewekwa nukta 300 kwa inchi na mfumo unasoma kila picha kama ni 500, kwa hiyo dole gumba la mtu mzima limesinyaa mpaka la mtoto. Na mashine haitazami picha kama mimi na wewe, inaokota pale mstari unapokatika na pale unapogawanyika, inapima umbali na mwelekeo wake, sasa umbali wote ukiwa wa uongo itampata nani? Fundi akataka tuzikuze kwa programu, nikagoma, picha ya 300 ukiikuza hupati mistari ambayo skana haikuiona. Tukaskani upya zote kwa 500. Vidole vyangu vikatokea wa kwanza kwenye orodha, nikazunguka ofisi nzima nawaonyesha watu.

Kuhusu mashine tofauti: msitumiane zile data za muhtasari wa alama ambazo mashine inajitengenezea, kila kampuni ina zake na ya mwenzake haizielewi. Tumeni picha yenyewe ndani ya faili la muundo wa ANSI/NIST, yaani kiwango cha kubadilishana data za alama kati ya mifumo tofauti, imebanwa kwa WSQ, njia ya kupunguza ukubwa wa picha ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya alama za vidole. JPEG iliyobanwa sana inaacha visanduku visanduku, na mashine inaweza kuviona kama mistari ya kidole. Na alama za eneo la tukio zipigwe picha palepale kabla ya kuinuliwa, yaani kubanduliwa zilipo, rula ikiwa kando, kwa sababu ukiinua kwa karatasi ya jeli alama inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Jirani walishatutumia moja hivyo, tukaitafuta asubuhi nzima bure.

Jambo ambalo watu hawapendi kusikia ni kwamba mfumo hausemi "ni huyu". Unatoa orodha ya wanaokaribiana, mtu ndiye anayeamua, na mtu anakosea. Mwaka 2004 Hispania iliwatumia FBI, wapelelezi wa Marekani, picha ya alama kutoka mabomu ya treni za Madrid, FBI wakasema ni ya mwanasheria mmoja wa Oregon, wakamweka ndani, kumbe polisi wa Hispania wakaikuta ni ya mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. Na hao ni FBI, sembuse sisi. Kwa hiyo nikataka kila jibu liangaliwe na mtaalamu wa kituo kingine bila kuambiwa wa kwanza kasema nini. Wenzangu walinuna kwelikweli, na mkuu wa kituo akasema nachelewesha kesi. Nikamwekea ile habari ya Madrid mezani, akaisoma yote, akasaini.