Hizi umezitunza?

Siku ya nne leo, na swali la mzee fundi wa baiskeli bado halijanitoka.

Nilikwenda kwake nimejiandaa. Daftarini nilishaandika kila kitu: baiskeli yangu itoke gia 9 za nyuma hadi 11, seti nzima, kwa akiba ya miezi saba niliyoiweka kwenye bahasha. Akasoma taratibu, akavua miwani, akainama. Kidole gumba akakipitisha juu ya cheni mara moja tu. Kikatoka cheusi, na ndani ya weusi ule chembe za mchanga zikimetameta.

"Mwanangu, hizi ulizonazo umezitunza?"

"Ndiyo, mzee."

Akafuta kidole kwa tambara. "Basi kaioshe, halafu urudi."

Hakunifokea. Angenifokea ningekasirika, yakaisha. Kinachoniuma ni ile "ndiyo" yangu, ilivyotoka haraka, mbele ya kidole cheusi. Wiki hii dada amejifungua salama na kazini tumehamia jengo jipya, lakini usiku nikilala narudi palepale: ningesema "si sana, mzee", ingenigharimu nini? Au ningenyamaza tu. Nimeshajaribu majibu kama sita hivi, yote mazuri, yote yamechelewa.

Jana jioni nikakaa chini na ndoo, brashi ya meno kuukuu na mafuta ya taa. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Nikasugua pingili moja moja, upande huu na upande ule, mpaka nikaanza kuona rangi ya chuma. Ndipo nikachukua rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 20 zinatakiwa kuwa 254. Yangu ilisoma karibu 257. Cheni ikirefuka kwa nusu asilimia unaanza kuiangalia kwa jicho la pili, ikifika robo tatu unaibadilisha. Yangu imevuka asilimia moja. Mchanga umekula pini kwa ndani, na cheni iliyorefuka imekula meno ya kaseti, lile fungu la gia za nyuma: ya gia mbili ninazozitumia zaidi yamechongoka kama mapezi ya papa.

Sasa hapo, ajabu, moyo ukatulia. Miezi yote hii nilidhani baiskeli imechoka, na ule mruko wa cheni kila ninapokanyaga kwa nguvu nikauita uzee. Kumbe ni vitu viwili vilivyolika, na vyote viwili huwa vinalika. Nikifunga cheni mpya peke yake itaruka juu ya meno ya zamani, kwa hiyo lazima zibadilishwe pamoja.

Na gia 11? Nimelifikiria upya bila daftari. Cheni yake ni nyembamba zaidi, na vifaa vyake vya kubadilishia gia huvuta waya kwa kipimo kingine, kwa hiyo deraila ya nyuma, ile inayohamisha cheni kutoka gia hadi gia, nayo ibadilike, na huenda hata habu, kitovu cha gurudumu, isikubali. Fedha yote ile, na shida yangu ni mlima tu. Gia ndogo ya mbele ina meno 34, kubwa ya nyuma ina 25: kila nikizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na zaidi ya theluthi. Kaseti ya gia hizihizi 9 ambayo kubwa yake ina meno 34 italifanya lizunguke mara moja kamili. Deraila yangu ni ya mkono mrefu, inafika huko. Cheni tu iwe ndefu kidogo. Hiyo ndiyo nafuu magoti yangu yanayoitaka, na bahasha itabaki na zaidi ya nusu.

Nimejaribu kuizungusha pedali kwa mkono, baiskeli ikiwa juu chini. Ile sauti ya kusaga haipo. Nimekaa sakafuni naisikiliza mpaka giza likaingia.

Jumamosi naipeleka. Nitamwambia mzee kwanza, kabla hajainama, kwamba sikuwa nimezitunza.

Mama anasema kifua kimepungua. Leo kwenye simu amekohoa mara tatu kabla hajaitikia salamu yangu, na nilipomuuliza akaniambia ni vumbi.