Herufi Tatu na Jina la Kwetu

Saa tisa kasorobo usiku. Kalala kifuani pangu, kaushika ukosi wa gauni langu utadhani nina mpango wa kutoroka. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, basi makosa mtayavumilia.

Leo katimiza wiki sita, na cheti chake cha kuzaliwa kilitoka jana. Majina matatu kwenye mstari mmoja. La kwanza ni lake, la mwisho la ukoo wa baba yake, na pale katikati limekaa jina la kwetu, nililozaliwa nalo mimi. Sitaliandika hapa. Linaanza na B, na leo hiyo B inatosha.

Kwa Baba tulizaliwa mabinti watupu, watatu. Dada yangu mkubwa alipoolewa alichukua jina la mumewe, mdogo wangu hataki watoto na ameshasema asiulizwe tena. Mimi jina langu nilibaki nalo, lakini mtoto ataitwa kwa ukoo wa baba yake, hilo tulishakubaliana tangu zamani na halikunikera. Kilichonikera kilinijia mwezi wa saba wa ujauzito, usiku kama huu: kwamba siku nitakayofukiwa mimi, jina linafukiwa nami. Nikamwamsha mume wangu. Nikamwambia la kwetu liwe jina la kati. Akasema sawa, akalala. Asubuhi ikabidi nimwambie upya.

Yeye hakuwa na pingamizi, alikuwa na shaka. Jina la kati, alisema, ni jina la kwenye makaratasi. Hakuna anayeliita. Mwishowe linageuka herufi moja na nukta. "Unampa mzee heshima ya nukta?"

Nikaenda kutafuta ushahidi, ndiyo tabia yangu nikishindwa hoja. Niligundua kwamba nusu ya marais wa Marekani wamebeba jina la kina mama zao hapo katikati na mimi nilikuwa nayasoma tu bila kuwaza. (Nusu nimetia chumvi. Lakini ni wengi.) Fitzgerald wa John Kennedy ni ukoo wa mama yake. Delano wa Franklin Roosevelt vilevile, na Milhous wa Nixon, na Baines wa Lyndon Johnson. Woodrow Wilson ndiye niliyemkimbilia kumwonyesha mume wangu: alizaliwa Thomas, Woodrow likiwa jina la kwao mama yake. Alipokuwa mtu mzima akalitupa Thomas, na dunia nzima ikamjua kwa hilo la kati. Nukta ikala jina zima!

Ila aliyenikamata ni John Quincy Adams. Alizaliwa tarehe 11 Julai 1767, na mzee John Quincy, baba wa bibi yake mzaa mama, alikuwa kitandani anakata roho. Bibi akaomba mtoto apewe jina la mzee. Siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa, mzee akafa. Sasa angalieni njia iliyopita hilo jina. Bibi alizaliwa Quincy akaolewa akawa Smith. Binti yake Abigail alizaliwa Smith akaolewa akawa Adams, hakuwahi kuwa Quincy hata siku moja. Lakini jina likavuka juu ya kichwa chake likaangukia kwa mtoto wake. Nilisoma hayo nimekaa pembeni ya kitanda, miguu imevimba, nikalia. Mimba nayo ilichangia.

Na kuna nchi ambako jambo hili halina mjadala wowote. Ufilipino, jina la kati ndilo jina la ukoo alilozaliwa nalo mama, basi. Wahispania mtoto hubeba koo mbili, kwa kawaida la baba likitangulia; Wareno huanza na la mama. Nikajiona mjinga, kuhangaika miezi mitatu kwa kitu ambacho wenzangu hukijaza kwenye fomu bila kuinua macho.

Kisha nikampigia Baba simu kumpa habari njema.

Akanyamaza. Nikadhani kaguswa. Akasema, "Mama, mwacheni mtoto wa watu apumue."

Kumbe shuleni walimlilia jina hilo. Silabi yake ya kwanza ni "Be", na darasa zima, mwalimu akiita mahudhurio, likawa linalia kama mbuzi: beeee. Miaka saba. Mimi nimeishi naye nyumba moja, nimesaini kwa jina hilo kila karatasi ya maisha yangu, na sikuwahi kusikia habari ya mbuzi. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Alipoona nacheka naye akacheka, lakini msimamo wake ukabaki palepale: hadai kumbukumbu, mtoto apewe jina jepesi.

Hapo ndipo ningeacha, kama kweli nilikuwa nafanya kwa ajili yake. Sikuacha.

Halafu mume wangu, ambaye kazini kwake anashinda akihakiki nyaraka za watu, akaandika majina yote matatu nyuma ya bahasha. Akayatazama. Akazungushia duara herufi za mwanzo, akanisogezea bahasha mezani bila neno. M. B. U.

Mbu. Babu mbuzi, mjukuu mbu.

Tulicheka hadi mtoto akaanza kupiga mateke tumboni. Tulipotulia nikasema, bila hata kufikiri, "Basi tubadilishe la kwanza." Jina la kwanza tulikuwa nalo tangu mwezi wa nne. Tulikuwa tunamsemesha nalo kila usiku, mume wangu kaweka mdomo kitovuni. Naye akaniangalia kwa muda. "La kwanza?" Ndiyo, la kwanza. Hapo nikajisikia aibu kidogo, maana nilijua anajua. Hii habari ya Baba na heshima na mabinti watupu ni kweli, lakini si yote. Mimi ndiye niliyetaka niwemo. Nimembeba mwanangu miezi tisa, nikataka pawe na mahali, hata pale katikati ambapo watu hupapita, palipoandikwa kwamba alitoka kwangu.

Mama mkwe alipopata fununu naye akauliza, kwa upole wake wote, jina la baba yake yeye litakaa wapi. Nikamkumbuka Harry Truman, naye rais wa Marekani. Mababu zake wawili walikuwa Anderson Shipp Truman na Solomon Young, na wazazi, ili wasimuudhi yeyote, wakampa mtoto S tupu. Si kifupi cha chochote. Sikumwambia mama mkwe hadithi hiyo, nisije nikampa wazo. Tulimwahidi atakayefuata, na mimi bado sijajua kama atakuwepo wa kufuata.

La kwanza jipya linaanza na H. Lilituchukua dakika kumi na halijapata kunikera. Fomu nilijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa, na kwenye nafasi ya jina la kati mkono ulitetemeka kidogo, ile E ya kwanza ikatoka kama F. Karani akaniuliza mara mbili.

Baba hupiga kila jioni. Wiki zote hizi amekuwa akiuliza, "Mtoto hajambo?" Jana nilimtumia picha ya cheti. Hakujibu. Jioni akapiga kama kawaida, akauliza habari za mgongo wangu, habari za mvua, kisha akasema, "Na somo wangu je, kalala?"

Nikamwambia bado, ana kwikwi.