Rejeta ya 504 yangu ililehemiwa, haikutiwa yai

Peugeot 504 yangu ni ya miaka ya 70 na rejeta yake ni ya shaba. Bahati yangu iko hapo. Rejeta nyingi za siku hizi ni alumini yenye matangi ya plastiki, ikipasuka unanunua nyingine. Ya shaba hulehemika.

Ilianza kuchemsha ndani ya msitu wa Mabira, nikitoka Jinja kwenda Kampala. Niliegesha, nikaacha injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko (wapo waliobabuka uso kwa haraka ya kukifungua), kisha nikaongeza maji na kujikongoja hadi mjini. Njiani kila mtu ana dawa yake: vunja yai humo, tia bizari, tia unga wa kuziba. Vinaziba kweli, ila havichagui tundu. Mirija ya rejeta ni myembamba, nayo huzibwa vilevile.

Nikaipeleka Katwe, mtaa wa mafundi hapo Kampala, kwa mzee mmoja wa kulehemu. Alifunga midomo yote kwa vipande vya mpira, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akaniambia, "Haya kijana, piga pampu, lakini polepole." Ilikuwa pampu ya baiskeli. Mapovu madogo yakapanda kwa mstari pale mirija inapoingia kwenye tangi la juu. Akapaweka alama ya msumari, akapakwangua kwa brashi ya waya hadi shaba ikang'aa, akapaka tindikali aliyoipooza kwa zinki ya betri kuukuu za tochi. Moto aliuweka mbali. Lehemu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na ukizidisha, viungo vya jirani navyo vinaachia. Alipomaliza tuliitumbukiza tena, kimya, hakuna povu.

Kifuniko nilibadilisha, kwa sababu springi ya kile cha zamani ilikuwa imelegea. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Kukipata cha kipimo chake ilikuwa kazi kuliko kulehemu: pale Kisekka, soko la vipuri, vya Toyota vimejaa, cha Peugeot unazunguka hadi miguu iume.

Siku hizi hata kwenye foleni mshale wa joto haupiti katikati.