Siku Moja Maishani Mwangu: Kuikalimani Korintho ya Kale

Saa kumi na moja alfajiri, Athens ikiwa bado gizani, ninabandika maji ya chai na kufungua daftari langu la maneno. Kazi yangu ni ukalimani wa misafara ya wageni wanaozungumza Kiswahili. Sheria ya Ugiriki inamruhusu mwongoza watalii mwenye leseni peke yake kutoa maelezo katika maeneo ya kale, kwa hiyo yeye husema kwa Kiingereza, nami hugeuza maneno yake kupitia kipaza sauti kidogo, yakawafikia wageni masikioni. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi Mei, na wageni walikuwa mahujaji 22 kutoka Moshi na Marangu waliokuja kufuata nyayo za Mtume Paulo. Alfajiri hiyo nilikuwa nikihangaika na neno moja tu, nalo ni jina la wale viumbe wa kike ambao Wagiriki wa kale waliamini kwamba hukaa ndani ya chemchemi. Nikisema jini, nusu ya msafara itaanza kukemea; nikisema malaika, nitakuwa nimedanganya. Niliandika "mwali wa chemchemi", nikafunga daftari.

Saa moja kamili basi lilikuwa mlangoni mwa hoteli, lakini viti viwili vilikuwa vitupu. Ofisi iliyoandaa safari ilikuwa imebandika tangazo lenye 7:00 tu, na kina mama wawili, kwa haki kabisa, walisoma saa saba wakajipangia kulala hadi mchana. Tulipokwisha kuwapata, mwongozaji, mama wa Kigiriki mwenye umri wa kunizaa, aliniuliza kulikoni, nikamweleza kwamba sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Alicheka, akasema kwamba watu wa Korintho wa enzi za Warumi walihesabu vivyo hivyo, na kwamba ndani ya basi zima yeye peke yake ndiye ambaye saa yake ingemshangaza Paulo.

Kutoka Athens hadi Korintho ni kilometa 80 hivi. Saa mbili na nusu tulisimama kwenye daraja la mfereji unaokata shingo ya nchi kavu inayounganisha Peloponnese na sehemu nyingine ya Ugiriki. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1893, una urefu wa zaidi ya kilometa 6, na kuta zake za mwamba hufikia karibu meta 80 kwenda juu. Kaisari Nero alijaribu kuuchimba mwaka 67 baada ya Kristo, akashindwa kuumaliza. Karne nyingi kabla yake, Wakorintho walikuwa wametandaza barabara ya mawe ambayo juu yake mizigo, na wakati mwingine meli zenyewe, zilikokotwa kutoka bahari moja hadi nyingine. Utajiri wa mji ulitokana na kukaa hapo katikati, ukiwa na bandari mbili, Lechaion upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki.

Saa tatu tuliingia katika magofu yenyewe. Jambo la kwanza linaloonekana ni nguzo 7 za hekalu la Apollo, kila moja ikiwa imechongwa kutokana na jiwe moja, zilizosimama tangu katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Hapa ndipo kazi yangu huwa ngumu, kwa sababu wageni wengi huja na Korintho moja tu kichwani, ile ya nyaraka mbili za Paulo, ilhali miji iliyolala hapa ni miwili. Korintho ya Wagiriki ilibomolewa na jemadari wa Kirumi, Lucius Mummius, mwaka 146 kabla ya Kristo; wanaume wake waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani, na kwa takriban miaka 100 mahali pale palibaki karibu mahame. Mwaka 44 kabla ya Kristo Julius Caesar aliagiza mji mpya ujengwe, na wengi wa walioletwa kuukalia walikuwa watumwa walioachwa huru. Kwa hiyo Paulo alipofika, mnamo mwaka 50 baada ya Kristo, aliingia katika mji usiotimiza hata karne moja, uliojengwa kuzunguka hekalu ambalo tayari lilikuwa na miaka 600. Mchungaji wa msafara alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi alihubiri kwa wahamiaji, na wenyeji wake, Akila na Priskila, walikuwa wamefukuzwa Roma." Sikuwa na la kuongeza.

Mbele ya kiti cha hukumu, ambako inaaminika Paulo alishtakiwa kwa liwali Galio, kulikuwa na masikitiko kidogo. Bibi mmoja alitazama huku na huku akaniuliza, "Mwanangu, na kiti chenyewe kiko wapi?" Nilimweleza kwamba lile jukwaa refu la mawe lililo mbele yake ndilo lenyewe. Neno la Kigiriki, bema, ni jukwaa la kupanda ili kusema mbele ya watu, na waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliona vema kuliita kiti. Bibi alipanguswa jasho, akapigwa picha, akaridhika.

Saa tano tulishuka kwenye chemchemi ya Peirene, na hapo ndipo tulipokaa kuliko mahali pengine popote. Matao 6 ya mawe yamejipanga kama milango ya nyumba, nyuma yake kuna mabirika na mahandaki yaliyochimbwa ndani ya udongo ulio chini ya mwamba, na ukiinama husikia kwamba maji bado yanatembea. Wagiriki walisimulia kwamba Peirene alikuwa mwanamke aliyemlilia mwanawe aliyeuawa kwa bahati mbaya na Artemis, mungu wa uwindaji, akalia mpaka akageuka chemchemi. Hapa pia, wanasema, shujaa Bellerophon alimnasa Pegasus, farasi mwenye mbawa, alipokuja kunywa. Kisha kuna kisa cha chemchemi ya pili, iliyo juu kilimani: Sisyphus, mfalme wa Korintho, alimwambia mungu wa mto Asopos kwamba aliyemnyakua binti yake ni Zeus, mkuu wa miungu, na kwa siri hiyo akalipwa maji.

Mzee mmoja wa Marangu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliomba kisa hicho kirudiwe. Kisha akatueleza habari za mifongo, mifereji ya maji ambayo Wachaga waliichimba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila mmoja ukiwa na ukoo uliouanzisha na zamu zake za kumwagilia. Alisema kwamba kijijini kwao mtu angeweza kusameheana na jirani kwa mambo mengi, lakini si kwa kuibiwa zamu ya maji, na kwamba haoni ajabu mfalme kumchongea mungu ili apate chemchemi. Nilimkalimania mwongozaji, safari hii kutoka Kiswahili, naye akatoa kalamu akaandika. Neno langu la mwali, nililolihangaikia alfajiri, lilipita bila mtu kuuliza.

Chemchemi ya Glauke, ambamo inasemekana bintimfalme alijitosa akiungua kwa vazi lenye sumu alilopewa na Medea, mke aliyeachwa na mumewe kwa ajili yake, tuliipita haraka kwa sababu ya jua. Ndani ya makumbusho kulikuwa na kivuli, na kisa kilichowapendeza wengi ni cha wizi wa mwaka 1990, ambao vitu vyake vingi vilipatikana mwaka 1999 huko Miami, vikiwa vimefichwa ndani ya masanduku ya samaki.

Baada ya chakula cha mchana, saa tisa, walio na magoti mazima walipanda Akrokorintho, kilima cha meta 575 chenye malango 3 na kuta zilizojengwa kwa zamu na Wagiriki, Wabizanti, Wafaranki, Waveneti na Waturuki. Mwandishi Strabo alidai kwamba hekalu la Aphrodite, mungu wa mapenzi, lililokuwa kileleni lilimiliki makahaba zaidi ya 1,000. Wataalamu wengi wa leo hawamwamini, nami kila mara hukalimani shaka yao kwa sauti ile ile niliyotumia kukalimani dai, maana nimegundua kwamba wageni huondoka na dai na kuiacha shaka.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Kenkrea, ambako Paulo alinyoa kichwa kabla ya kupanda meli. Sehemu ya bandari imezama, na misingi ya majengo huonekana chini ya maji meupe. Mzee wa Marangu alivua viatu, akaingia hadi magotini, akasimama juu ya ukuta.

Saa tatu usiku, nikiwa nimerudi Athens, nilihesabu vifaa vya masikioni, vyote 22, kisha nikaandika mwenyewe tangazo la kesho la kubandika hotelini: saa moja asubuhi, kwa saa zetu.